Talaka ya Kiislamu Tanzania Bara: Kuanzia Barazani Hadi Kwenye Daftari la RITA

Mume ametamka talaka, au ameandika karatasi na kuipeleka kwa wazee wa mke. Mke amefungasha virago, amekaa eda, eda imekwisha. Mtaa mzima unajua kwamba hawa wawili wameachana. Lakini kwenye daftari la serikali wangali mume na mke. Wengi hulijua hilo wakiwa wameshakwama: mwanamke anataka kuolewa tena, mfungishaji ndoa anamwomba hati ya mahakama na yeye hana; au mwanamume amefariki, na mtalaka wake anafika kwenye kikao cha mirathi akiwa na cheti cha ndoa ambacho hakijawahi kufutwa popote.

Makala hii ni ya Mwislamu anayeishi Tanzania Bara na ambaye ndoa yake imefika mwisho, au inaelekea huko. Tutakwenda hatua kwa hatua: wapi pa kuanzia, karatasi gani za kushika, nani anaamua nini, na pesa zinatoka wapi. Zanzibar na Kenya zina taratibu zao, nazo tutazigusa mwishoni.

Sheria ipi inahusika?

Ndoa zote za Tanzania Bara, ziwe za Kiislamu, za Kikristo, za kimila au za bomani, zinasimamiwa na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, ambayo kwenye vitabu vya sheria ni Sura ya 29. Sheria hii inaitambua ndoa ya Kiislamu na haiipuuzi talaka ya Kiislamu. Inachotaka ni kwamba talaka hiyo ipite mbele ya mahakama ndipo ndoa ihesabiwe imevunjika kisheria. Mwenye mamlaka ya kutoa amri ya talaka ni mahakama peke yake.

Vipi kuhusu kadhi? Zamani makadhi na maliwali walikuwa na mahakama zao huku Bara. Mfumo huo uliondolewa mwaka 1963, na kazi yake ikaingia katika mahakama za kawaida, ambazo kwa ngazi ya chini ni mahakama za mwanzo. Makadhi waliopo leo chini ya Baraza Kuu la Waislamu Tanzania, yaani BAKWATA, wana kazi kubwa ya kupatanisha wanandoa na kueleza hukumu za dini. Lakini karatasi ya kadhi, hata ikiwa na muhuri, si amri ya mahakama. Itakusaidia kama ushahidi, haiwezi kuchukua nafasi ya hukumu ya hakimu.

Nianze na kipi?

Hapa ndipo watu wengi wanapojikwaa, kwa hiyo tusome taratibu. Kifungu cha 107(3) cha Sheria ya Ndoa kinaeleza njia maalumu kwa ndoa za Kiislamu. Mahakama itakubali kwamba ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika, na itatoa amri ya talaka, ikiridhika na mambo matatu. La kwanza, wanandoa walioana Kiislamu. La pili, baraza la usuluhishi limethibitisha kwamba lilijaribu kuwapatanisha likashindwa. La tatu, baada ya baraza kushindwa, mmoja wao amefanya jambo ambalo kwa sheria ya Kiislamu linavunja ndoa, kama vile mume kutoa talaka.

Angalia maneno “baada ya baraza kushindwa”. Mpangilio ni baraza kwanza, talaka ifuate, kisha mahakama, na mwisho usajili. Katika uamuzi wake wa mwaka 2020, Mahakama ya Rufani ilisisitiza kwamba mambo hayo matatu lazima yawepo yote, na kwamba talaka iliyotolewa kabla ya kwenda barazani haimpi mtu amri ya mahakama moja kwa moja.

Mume ameshatoa talaka kabla ya baraza. Ndiyo basi?

Hapana, mlango haujafungwa. Nenda barazani hata hivyo, kwa sababu bila hati ya baraza mahakama haitapokea shauri lako, isipokuwa kwa sababu chache tutakazozitaja. Ukifika mahakamani unaweza kutumia njia ya kawaida ambayo iko wazi kwa kila mwanandoa wa dini yoyote: kuthibitisha kwamba ndoa imevunjika kabisa. Sheria inataja baadhi ya ushahidi unaoweza kuonyesha hivyo: ugoni, ukatili wa mwili au wa moyo dhidi yako au watoto, kutelekezwa kwa makusudi, mwenzako kukuhama kwa miaka mitatu au zaidi, kutengana kwa hiari kwa muda kama huo, kifungo kirefu, au ugonjwa wa akili uliothibitishwa na madaktari. Talaka aliyoitoa mume nayo utaieleza, kama sehemu ya habari nzima ya ndoa yenu.

Suala la dini, yaani kama talaka ile imepita, ni ya ngapi, na kama bado kuna nafasi ya kurejeana, mwulize kadhi au sheikh unayemwamini.

Hatua ya kwanza: baraza la usuluhishi

Baraza la usuluhishi wa ndoa ni kikao cha watu wanaowasikiliza mume na mke na kujaribu kuwapatanisha. Kwa mujibu wa sheria lina mwenyekiti na wajumbe wengine kati ya wawili na watano. Yapo mabaraza ya kata, na yapo mabaraza ya jumuiya za dini ambayo waziri ameyatambua rasmi. Kwa Waislamu wengi baraza la dini ni lile la BAKWATA katika wilaya yao.

Uende lipi? Kama ni baraza la kata, ni la kata anayoishi mume; mume akiwa anaishi nje ya nchi, ni la kata anayoishi mke. Kama wote wawili ni wa jumuiya moja yenye baraza lililotambuliwa, mnaweza kwenda kwenye baraza hilo. Neno “lililotambuliwa” lina uzito. Kamati ya msikiti, kikao cha wazee wa ukoo au balozi wa nyumba kumi wanaweza kuwapatanisha, na heri wakifanikiwa, lakini barua yao haitatosha mahakamani. Kabla hujaanza, uliza swali moja: “Baraza hili linatoa Fomu Namba 3?” Hiyo ndiyo hati rasmi ya baraza kuthibitisha kwamba usuluhishi umeshindikana. Wakishindwa kukujibu, mwulize karani wa mahakama ya mwanzo ya eneo lako ni mabaraza yapi ambayo hati zake zinapokelewa pale.

Nenda na cheti cha ndoa au nakala yake, kitambulisho, majina na umri wa watoto, na kama kuna karatasi ya talaka ichukue pia. Utaeleza lalamiko lako, kisha baraza litamwita mwenzako. Siku ya kikao hamhitaji wakili. Sheria inazuia wakili kumsimamia mtu barazani bila ruhusa ya baraza lenyewe, na anayeruhusiwa kukusindikiza ni mtu wa familia yako. Sema ukweli, sema kwa ufupi, na uwe tayari kusikia upande wa pili. Usuluhishi wa baraza ni wa kweli. Zipo ndoa zilizookolewa pale, na hakuna aibu kurudi nyumbani pamoja.

Mkishindwa kupatana, omba Fomu Namba 3 papo hapo na uisome kabla ya kuondoka. Angalia majina yenu yote mawili yameandikwa sawasawa na yalivyo kwenye cheti cha ndoa. Angalia jina la baraza, tarehe, sahihi ya mwenyekiti na muhuri. Angalia hasa kama imeandikwa wazi kwamba baraza limeshindwa kuwapatanisha. Barua inayosema tu “tumewasikiliza, tunawaleta kwenu kwa hatua zaidi” imewahi kuwaponza watu, wakashinda ngazi ya chini na kuja kufutiwa kila kitu kwenye rufaa.

Hati hiyo ina muda wake. Shauri lazima lifunguliwe ndani ya miezi sita tangu hati ilipotolewa. Ukichelewa, itabidi urudi barazani.

Je, mwenzangu akikataa kuja barazani, au simjui aliko?

Sheria imetaja hali ambazo mtu anaweza kwenda mahakamani bila kupita barazani: umetelekezwa na hujui mwenzako yuko wapi, yuko nje ya nchi na hatarajiwi kuingia ndani ya miezi sita ijayo, ameitwa na baraza akakataa kwa makusudi, anatumikia kifungo cha maisha au cha miaka mitano na zaidi, ana ugonjwa wa akili usiotibika, au kuna mazingira ya pekee ambayo mahakama itaridhika kwamba yanafanya usuluhishi usiwezekane. Ukiwa katika hali mojawapo, jiandae kuithibitisha. Wito wa baraza uliopuuzwa, kwa mfano, utunze.

Na kama nyumbani kuna kipigo, usisubiri kikao. Nenda polisi kwenye Dawati la Jinsia na Watoto, chukua fomu ya PF3 kwa ajili ya matibabu, na weka nakala. Usalama wako unatangulia, na karatasi hizo zitakuwa ushahidi baadaye.

Hatua ya pili: talaka yenyewe

Baraza limeshindwa, hati mnayo. Sasa mume akiamua kutoa talaka, aitoe kwa maandishi na mbele ya mashahidi. Karatasi nzuri ya talaka haina maneno mengi: jina la mume, jina la mke, tarehe na mahali walipooana, tarehe ya talaka, ni talaka ya ngapi, sahihi ya mume, na majina na sahihi za mashahidi wawili. Tarehe ni jambo kubwa, kwa sababu hakimu ataitazama sambamba na tarehe ya Fomu Namba 3, na kwa sababu eda inahesabiwa kuanzia hapo. Eda ni muda ambao mwanamke aliyeachwa hukaa kabla ya kuweza kuolewa tena: kwa anayepata hedhi ni twahara tatu, kwa asiyepata ni miezi mitatu, na kwa mjamzito ni mpaka ajifungue.

Talaka ikitolewa kwa ujumbe wa simu, usiufute. Piga picha ya ujumbe huo ukionekana namba na tarehe, na umwonyeshe mtu mwingine anayeweza kuja kuwa shahidi.

Je, mwanamke anayetaka kuachika na mume hataki? Kwa upande wa dini ipo khului, yaani mke kujivua katika ndoa kwa kurudisha mahari au kitu walichokubaliana, na ipo faskhi, yaani ndoa kuvunjwa na kadhi kwa sababu kama mume kushindwa kutoa matunzo. Kwa upande wa sheria ya nchi, mke ana haki sawa na mume ya kuomba talaka mahakamani. Hahitaji ruhusa ya mume, wala hahitaji kusubiri mpaka mume atamke.

Mkirejeana ndani ya eda wakati shauri bado liko mahakamani, mwambieni hakimu mara moja ili shauri liondolewe. Lakini amri ya mahakama ikishatoka, mkitaka kurudiana mtafunga ndoa upya, kwa mahari mpya, na kuisajili kama ndoa yoyote.

Hatua ya tatu: mahakamani

Mashauri ya ndoa yanaweza kufunguliwa mahakama ya mwanzo, mahakama ya wilaya, mahakama ya hakimu mkazi au Mahakama Kuu. Kwa watu wengi mahakama ya mwanzo ndiyo inayofaa: iko karibu, inaendeshwa kwa Kiswahili, na gharama zake ni nafuu. Hata usiyejua kuandika unaweza kueleza madai yako kwa mdomo na yakaandikwa.

Kama ndoa haijatimiza miaka miwili, unahitaji kwanza kibali cha mahakama ili ufungue shauri la talaka, na itakubidi uonyeshe kwamba unapata mateso yasiyo ya kawaida.

Je, kama ndoa yenu haikusajiliwa na hamna cheti? Kutosajili hakuifanyi ndoa iwe batili. Utaithibitisha kwa ushahidi: walii, mashahidi wa nikahi, sheikh aliyefungisha, na watu waliowaona mkiishi kama mke na mume.

Maombi yako yaseme nini? Chukua huu kuwa mfano wa mama wa kubuni anayedai talaka:

“Mimi ni mkazi wa mtaa fulani, kata fulani. Nilifunga ndoa ya Kiislamu na mdaiwa tarehe fulani katika msikiti fulani. Tumejaliwa watoto watatu, wenye umri wa miaka 11, 8 na 4. Shauri letu lilisikilizwa na baraza la usuluhishi tarehe fulani, likashindwa kutupatanisha, hati nimeiambatanisha. Baada ya hapo, tarehe fulani, mdaiwa alinipa talaka moja kwa maandishi; nakala nimeiambatanisha. Naiomba mahakama itoe amri ya talaka, inipe malezi ya watoto, imwamuru mdaiwa kutoa matunzo yao, igawanye mali tulizochuma pamoja ambazo ni nyumba, kiwanja na bajaji, na iamuru nilipwe mahari yangu iliyobaki.”

Umeona jinsi madai yote yalivyotajwa? Mwenye kusahau kuomba mgawanyo wa mali au matunzo ya watoto anaweza kujikuta anafungua shauri la pili kwa jambo ambalo lingekwisha siku moja. Jiulize kabla hujaweka sahihi: talaka, watoto, matunzo, mali, mahari. Vyote vimo?

Mahakama ikipokea maombi itampelekea mwenzako samansi, yaani wito wa kufika mahakamani. Akifika atakubali au atapinga. Kisha mtaleta mashahidi, na hakimu atatoa hukumu. Usikose tarehe ya shauri bila taarifa. Mdai akitoweka shauri linaweza kufutwa, na mdaiwa akipuuza wito linaweza kusikilizwa upande mmoja.

Mali, watoto na mahari vinaamuliwaje?

Mali. Kifungu cha 114 kinaipa mahakama uwezo wa kugawanya mali zilizopatikana kwa juhudi za pamoja wakati wa ndoa. Mchango si fedha pekee. Mwaka 1983, katika kesi maarufu ya Bi Hawa Mohamed, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi za nyumbani, yaani kupika, kulea na kutunza nyumba, ni mchango katika kuchuma mali. Kesi ile ilihusu wanandoa Waislamu, na ingawa Bi Hawa mwenyewe hakupata mgawo kwa sababu nyingine zilizokuwemo katika shauri lake, msimamo huo ndio unaowasaidia wanawake mpaka leo. Haimaanishi nusu kwa nusu kila mara. Hakimu hupima mchango wa kila mmoja. Kwa hiyo kusanya ushahidi: hati za kiwanja, mikataba ya mauziano iliyoshuhudiwa serikali ya mtaa, risiti za bati na saruji, na majirani walioona nyumba ikijengwa.

Watoto. Mahakama hutazama kwanza maslahi ya mtoto. Kwa mtoto wa chini ya miaka saba, sheria inaanza na dhana kwamba inafaa akae na mama yake, ila dhana hiyo inaweza kupingwa kwa ushahidi. Popote watoto wanapokaa, wajibu wa baba kuwatunza hauondoki kwa sababu ametoa talaka. Taja mahitaji yao kwa tarakimu: ada, sare, chakula, matibabu, kodi ya nyumba kwa mwezi. Hakimu hawezi kukisia.

Mahari na eda. Kama mahari yako haikulipwa yote, deni hilo lidai. Dai pia matunzo ya kipindi cha eda. Kama mnakubaliana juu ya kitoka nyumba, kile ambacho dini inakiita mutaa, andikeni kiasi na siku ya kulipwa ili kisibaki ahadi ya mdomo.

Hatua ya nne: hukumu, nakala na usajili

Hakimu akitoa amri ya talaka, usiondoke na furaha au machozi peke yake. Omba nakala ya hukumu na hati ya talaka, zote zikiwa na muhuri wa mahakama. Tengeneza nakala kadhaa na ile halisi iweke mahali pasipoingia maji wala panya. Asiyeridhika ana haki ya kukata rufaa, na Sheria ya Ndoa imetoa siku 45. Kwa hiyo kama hukumu imekuumiza, mwone mtu wa msaada wa kisheria wiki hiyo hiyo.

Kisha uje usajili. Daftari la ndoa na talaka liko chini ya Msajili Mkuu katika RITA, yaani Wakala wa Usajili, Ufilisi na Udhamini, ambao pia ndio wanaosajili vizazi na vifo. Usikae ukitumaini kwamba nakala itafika huko yenyewe, fuatilia. Nenda ofisi ya RITA, au kwenye ofisi ya mkuu wa wilaya ambako hufanyika kazi za msajili wa wilaya, ukiwa na amri ya mahakama yenye muhuri, cheti cha ndoa na kitambulisho. Ukishasajiliwa, hali yako kwenye daftari inalingana na hali yako mtaani.

Faida yake utaiona siku ya kufunga ndoa nyingine. Anayetaka kuoa au kuolewa hutoa taarifa ya kusudio siku 21 kabla, na katika taarifa hiyo husema kama aliwahi kuwa na ndoa na iliishaje. Kwa mwanamke jambo hili ni zito zaidi. Sheria haimruhusu kuingia ndoa nyingine wakati ya kwanza ingalipo. Akifanya hivyo akiwa na karatasi ya talaka tu, ndoa ya pili inaweza kuhesabiwa batili, na haki zake katika ndoa hiyo zikawa mashakani. Mwanamume naye ajue kwamba mke aliyemwacha bila kufuata sheria bado anaweza kudai matunzo na kusimama katika mirathi.

Itanigharimu kiasi gani?

Gharama zinagawanyika mafungu manne. Fungu la kwanza ni baraza: uliza ada kabla ya kuanza na udai risiti kwa chochote unachotoa. La pili ni ada ya kufungua shauri, ambayo mahakama ya mwanzo ni ndogo kuliko mahakama za juu. Kiwango kimewekwa na kanuni na karani atakuonyesha. La tatu ni ada ya RITA. La nne, ambalo mara nyingi ndilo kubwa kuliko yote, ni nauli zako na za mashahidi, nakala za karatasi, na siku za kazi zinazopotea. Panga fungu hili mapema.

Malipo ya mahakama na ya RITA hufanywa kwa namba ya kumbukumbu ya malipo, ile wengi wanaiita kontroo namba, kupitia simu au benki. Mtu akikuambia umpe fedha taslimu mkononi ili “akusukumie faili”, mkatalie. Huna uwezo kabisa? Omba kusamehewa ada. Barua ya mtendaji wako kuthibitisha hali yako itakusaidia.

Wakili si lazima. Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017 imewatambua wasaidizi wa kisheria, ambao wako wilayani na hutoa huduma bila malipo kwa wasio na uwezo. Vilevile kuna Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu, Kituo cha Msaada wa Kisheria kwa Wanawake, na chama cha wanasheria wanawake, TAWLA. Watakuandikia maombi na kukueleza la kusema. Afisa ustawi wa jamii wa wilaya yako naye atakuelekeza, hasa penye watoto.

Na walio Zanzibar na Kenya?

Sheria ya Ndoa ya 1971 haitumiki Zanzibar. Huko shauri la talaka ya Waislamu linakwenda Mahakama ya Kadhi, ambayo ni mahakama kamili na inaongozwa na sheria ya mwaka 2017. Kenya nayo ina Mahakama ya Kadhi iliyotajwa katika kifungu cha 170 cha Katiba ya 2010, kwa mashauri ambayo pande zote ni Waislamu na zimekubali kusikilizwa pale. Na Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka nakala ya amri ya talaka ifikishwe kwa msajili. Njia ni tofauti, lakini sharti moja linafanana: talaka iwe na hati rasmi na iingie kwenye daftari.

Ndugu msomaji, kama uliachika au uliacha miaka mingi iliyopita na huna amri ya mahakama, bado hujachelewa. Wiki hii tafuta cheti chako cha ndoa na karatasi yoyote ya talaka uliyonayo, viweke kwenye bahasha moja, kisha nenda barazani ukaanze na Fomu Namba 3.